Birika la Thornswell Linavuja

Thornswell, Suffolk
11 Januari 1954

Mwanangu Thirza,

Pokea salamu za mtu aliyevaa makoti mawili, na mwandiko ukikushinda ulaumu mikono ya koti. Sisi huku tu wazima. Baridi imegandisha mabomba ya kijiji kizima, na baba yako anatafutwa kuliko daktari. Kila nyumba inamtaka fundi bomba na kila nyumba inamtaka sasa hivi. Kuku wangu wamegoma kutaga tangu Krismasi. Kinanda cha kanisa kina sauti moja isiyonyamaza, nami nimejifunza kuchagua nyimbo zinazoihitaji.

Habari za Halifax? Willis bado anasikia, au mashine za sufu zimemaliza masikio yake?

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Uliniomba kielelezo cha kufumia koti la mtoto mchanga, ukasema ni kwa ajili ya jirani. Nimekitia humu ndani. Lakini Thirza, mimi ndiye niliyekulea tangu mama yako afariki, na sijawahi kukuona ukimfumia jirani kitu. Hata soksi ya baba yako ulifuma moja ukachoka. Huyo jirani anajifungua lini?

Baba yako haulizi habari zako. Anachouliza ni kama tarishi amepita, na nikisema amepita anauliza kaleta nini, na nikisema barua kutoka kaskazini anatoka nje kuangalia mvua. Mvua yenyewe hakuna. Kaka yangu namjua: anataka kusikia, ila hataki kuonekana anasikiliza. Miaka miwili sasa, na mimi nimechoka kukaa katikati.

Shangazi yako,
Keturah Garrod


Halifax, Yorkshire
2 Februari 1954

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Willis ni mzima, kasoro kikohozi, na anasikia vizuri sana anapoitwa kula. Moshi wa viwanda ni ule ule. Wiki iliyopita nilifua mapazia, yakarudi meusi kabla hayajakauka. Mama mkwe ananiletea mikate ya shayiri kila Alhamisi na kunikodolea macho mpaka nimalize.

Jirani anajifungua katikati ya Aprili, na jirani ni mimi. Samahani kwa kukuficha. Niliogopa ukijua utashindwa kukaa kimya mbele ya baba, na bado naogopa.

Shangazi, nataka mtoto wangu abatizwe hapo Thornswell, kwenye birika lile lile la jiwe nililobatiziwa mimi, na baba, na wewe, na akina Garrod wote waliolala nyuma ya kanisa. Sina sababu ya kielimu. Nataka tu. Tatizo unalijua: kwa watu wa Willis, yaani Wabaptisti, mtoto mchanga habatizwi. Husubiri akue, achague mwenyewe, kisha azamishwe mzima mzima ndani ya tangi lililo chini ya sakafu ya kanisa lao.

Nilimwambia Willis. Siku ya nne akaja na kitabu chetu cha ibada, alichokiazima sijui wapi, akakifungua pale penye maandishi madogo. Kinamwagiza kasisi amzamishe mtoto majini, na kumwagia tu ni kwa mtoto aliye dhaifu. Akaniambia, "Thirza, watu wako wafanye kama kitabu chao kinavyosema, kwenye jiwe lao wenyewe, nami sitafungua mdomo. Lakini mtoto wangu hatabatizwa kwenye bakuli la pudini."

Unakumbuka. Ile siku alipokuja kutembea mara ya kwanza, mtoto wa muuza nyama alikuwa anabatizwa, na Kasisi Orbell akaweka lile bakuli lenye mstari wa buluu ndani ya birika kubwa la jiwe, akatia vikombe viwili vya maji. Willis akacheka. Naapa alijitahidi kukigeuza kiwe kikohozi. Baba akasimama mbele ya watu wote na fimbo yake ya uzee wa kanisa, akasema asiyejua kukaa kanisani akakae nje. Hakuja arusini kwetu, na tangu hapo sijapata hata mstari mmoja kutoka kwake.

Nambie, shangazi, kwa nini birika linavuja? Nimezaliwa linavuja. Na usimwambie baba lolote kati ya haya.

Mwanao,
Thirza


Thornswell
19 Februari 1954

Mwanangu Thirza,

Marahaba mara kumi, na nyingine kwa huyo aliye tumboni. Nililia kidogo, nikafunga jiko, nikalia tena kwa raha zangu. Kuku mmoja ametaga. Nimeamua ni kwa heshima yako.

Nimezungumza na Kasisi Orbell, kwa siri. Ameuona ule mwandiko mdogo na amekiri umo, lakini katika miaka thelathini hajamzamisha mtoto hata mmoja, na ana mikono inayotetemeka. Jumanne nilimkuta jikoni kwake akijizoeza na mfuko wa unga wa ratili saba, anaushusha kwenye beseni na kuuinua. Aliniomba nisimwambie mtu. Kwa hiyo sasa natunza siri za watu wawili, na mimi si sanduku.

Kuzamisha anaweza, akipiga moyo konde. Lakini jiwe lenyewe halikai na maji. Nimelifuta vumbi miaka arobaini, Thirza, nalijua kuliko uso wangu. Pande nane, na kila upande malaika aliyekatwa uso na wale watu wakali wa zamani walioona nyuso ni dhambi. Na chini kabisa wale wanaume wa mwituni wenye manyoya na marungu, ambao nyuso zao ziko salama, kwa sababu wale watu wakali hawakupenda kuinama. Ndani limevikwa bamba la madini ya risasi, na bamba limetoboka kule chini. Utie ndoo nne asubuhi, mchana utazikuta kwenye viatu vyako. Ndiyo maana ya bakuli.

Kwa nini limetoboka? Limezeeka. Hata mimi navuja. Tuyaache hayo.

Mtu wa kulitengeneza ni mmoja tu hapa, na ndiye uliyenikataza kumwambia. Sasa nifanyeje? Fikiri unijibu upesi. Barua hii nampa baba yako aitie posta, maana anakwenda mjini. Nimemwambia ni kielelezo kingine cha kufumia.

Shangazi yako,
Keturah


Halifax
24 Machi 1954

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, mguu mmoja umevimba, wa pili unaufuata. Willis ametengeneza kitanda cha mtoto na kukipaka rangi ya kijani iliyobaki kiwandani, na sasa nyumba nzima inanuka rangi.

Nilidhani umeugua. Nilidhani umenikasirikia. Kumbe barua yako uliyoiandika tarehe kumi na tisa Februari imefika leo, na muhuri wa posta ni wa juzi. Zaidi ya mwezi! Na bahasha, shangazi, ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena. Haikufungwa kwa gundi. Niliinusa. Ni yale mafuta ya ng'ombe ambayo baba hupaka kwenye risasi kabla ya kulehemu.

Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimekasirika tena. Amesoma kila kitu. Amejua kuwa natarajia mtoto kwa kunifungulia barua, na bado hakuandika neno. Willis anasema angalau tumejua mzee hajaacha kusoma.

Sikiliza, muda unakwisha. Watu wa kanisa la Willis wamekwisha kupanga: tarehe 13 Juni mtoto apelekwe kwao akaombewe, na baada ya hapo asubiri maji mpaka awe mtu mzima. Mama mkwe ameanza kushona gauni. Likishafanyika hilo sitaweza kumgeuza Willis tena, na kwa kweli sitakuwa na haki. Na baba akimkosa mtoto huyu, tutakuwa tumekosana moja kwa moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mguu.

Mwanao,
Thirza


Thornswell
2 Aprili 1954

Mwanangu,

Barua hii nimeitia posta kwa mkono wangu, maili tatu kwenda na tatu kurudi. Nimemuuliza kaka kuhusu ile nyingine. Anasema aliisahau mfukoni. Mfuko wenyewe ndio anamotia tumbaku, na tumbaku anavuta kutwa mara ishirini.

Lakini subiri kukasirika. Tangu wiki tatu zilizopita ufunguo wa kanisa haupo kwenye msumari wake. Nikienda kufuta vumbi nakuta mlango umefungwa kwa ndani, na ndani kunagongwa, taratibu, kwa nyundo ya mti. Nikabisha. Akasema kupitia mlangoni kuwa anatengeneza mfereji wa paa. Mfereji wa paa, Thirza, uko juu ya paa. Mimi mlio naujua unakotoka; nimepiga kinanda humo tangu nina miaka kumi na minne.

Sasa nikwambie nililokataa kukwambia. Nimeliweka tumboni miaka hamsini na moja na nilikula kiapo, lakini mwenzangu wa kiapo ameanza kufungua barua za watu, basi naona tumefunguana.

Baba yako ndiye aliyelitoboa birika. Alikuwa na miaka kumi. Alitaka risasi ya kutengenezea chubwi za mshipi wake, za kuzamishia ndoana kwenye bwawa la kinu, na hakuwa na senti. Akaingia kanisani Jumamosi moja na kisu cha baba yetu, akakata kipande kule chini mahali asipoona mtu. Mimi nilikuwa mlangoni nachunga. Jumapili iliyofuata wakamwaga maji kumbatiza mtoto wa mwalimu, na maji yakamwendea kasisi wa wakati ule kwenye soksi. Wakaleta bakuli kwa siku ile moja tu. Halikuondoka.

Amekuwa fundi bomba kwa sababu hiyo, nadhani, ingawa hajasema. Amekuwa mzee wa kanisa, amelehemu kila paa la wilaya hii, na hajawahi kuthubutu kuligusa lile jiwe, maana angeligusa angeulizwa. Willis alipocheka, hakucheka bakuli. Alicheka kidonda.

Usimwambie nimekwambia. Naona hiki kijiji kizima sasa kinaishi kwa siri zangu.

Keturah


Halifax
29 Aprili 1954

Shangazi,

Msichana. Tarehe 14, saa tisa alasiri, ratili saba kasoro kidogo, kwa hiyo mwambie Kasisi Orbell mfuko wake wa unga ulikuwa sahihi. Sote wazima. Ana nywele za Willis na hasira za baba. Jina sikwambii.

Nilimsomea Willis habari ya chubwi. Alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la makaa, kisha akafuta miwani. Akasema, "Kumbe nilimcheka yeye. Mimi nilidhani nalicheka kanisa." Jioni ile alimwandikia baba ukurasa mmoja wa kuomba radhi, bila kutaja chubwi. Haujajibiwa.

Tutakuja Jumapili ya Pentekoste, tarehe 6 Juni. Willis anasema bakuli bado halitaki, lakini treni atapanda. Jiwe likishika maji, tunabatiza. Lisiposhika tutakunywa chai yako, turudi huku, na tarehe 13 mtoto atakwenda kanisani kwa wakwe. Nakwambia wazi ili usije ukaniona nimekudanganya.

Thirza


Thornswell
20 Mei 1954

Thirza,

Bado hasemi neno, na ufunguo bado anao. Lakini jana amenunua shati jeupe. Njooni.

K.


Thornswell
9 Juni 1954

Mwanangu Thirza,

Natumaini mmefika salama na mtoto hakuwasumbua kwenye treni. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekuta soksi yake moja chini ya kiti na siirudishi.

Sina budi kuanza na jina. Kutoka kwenye kinanda sikulisikia. Nilikuja kuliona baadaye kwenye daftari la kanisa, kwa mwandiko wa Kasisi, Keturah Greenwood, jina langu juu ya ukoo wa Willis. Nilijifanya natafuta miwani. Asante, mwanangu. Sijui niseme nini zaidi na nisipoacha hapa nitalowesha karatasi.

Sasa nina ugomvi na nyinyi nyote. Siku ya Jumamosi niliwaandalia chai saa kumi na moja, na ham, mgawo wetu wote wa nyama wa mwezi. Treni ilifika saa kumi na moja kasoro. Mkaingia kwangu saa mbili! Chai nimeimwaga mara mbili. Baba yako kaja kuwapokea, hilo nashukuru, lakini aliwapeleka wapi, na kwa nini Willis aliingia na magoti meupe ya vumbi, wote wawili wanazungumza habari za lehemu kama waliozaliwa tumbo moja?

La pili ni kubwa zaidi. Birika liko mlangoni, na kinanda kiko kule mbele, na mimi kutwa nimewapa mgongo. Kioo changu kidogo cha juu ya kinanda kinanionyesha upara wa Kasisi tu. Nikauona upara ukiinama, ukainuka. Kisha kimya. Kisha sauti sijui ya nani, kisha Bibi Pettit kasema kitu, na kanisa zima likaangua kicheko, mpaka Kasisi. Katika Pentekoste! Nimewauliza watu. Kila ninayemuuliza anaanza kucheka upya. Kaka yangu nilipomuuliza alisema kiangalie kinanda chako, akatoka akipiga mluzi.

Mimi nimetunza siri za watu wote hawa miezi yote hii. Nani ataniambia?

Shangazi yako,
Keturah


Halifax
14 Juni 1954

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa chai. Wajina wako ni mzima na analala kwa zamu, zamu yake ikiwa mchana. Jana mama mkwe alimvika gauni lake jipya akampeleka kanisani kwao akaombewe na huko pia, na hakuna aliyekufa. Willis anasema mtoto sasa ana bima pande zote mbili.

Nitakwambia yote, maana unastahili.

Stesheni baba alisema maneno mawili, "Safari ndefu." Hakumtazama mtoto, aliogopa kumtazama, nilimwona. Akatutia kwenye gari lake lenye mabomba, akatupeleka moja kwa moja kanisani. Birika lilikuwa limejaa maji. Ndani amelivika bamba jipya zima, shangazi, laini hata huoni kiungio, na kwenye ukingo wa maji alikuwa amechora mstari kwa penseli. Akamwambia Willis, "Jana saa kumi jioni. Angalia mwenyewe." Willis akapiga magoti, akavua miwani, akavaa miwani, akaangalia pande zote nane na chini kwenye wale watu wa manyoya. Akasema, "Halijashuka hata nukta." Hapo ndipo baba alipomwambia habari ya chubwi, yeye mwenyewe, mbele yangu, akitazama dirisha. Na Willis wako, ambaye ameijua habari hiyo tangu Aprili, aliisikiliza mpaka mwisho kama mgeni, na hakucheka. Nilimpenda sana saa ile. Baada ya hapo walianza lehemu, na hatukuweza kuwatoa.

Jumapili. Kasisi alitetemeka tangu alipomshika mtoto. Akauliza, kama kitabu kinavyotaka, kama mtoto anaweza kustahimili kuzamishwa. Willis akafungua mdomo, baba akamuwahi.

"Huyu ni Garrod. Anastahimili."

"Ni Greenwood pia," Willis akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimeyapasha moto."

Na kweli. Alikuwa ameamka alfajiri akachemsha ndoo mbili kule chumba cha Kasisi, kwa ile taa yake ya kuyeyushia risasi. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea. Kasisi akamshusha, akamwinua. Na mtoto, shangazi, akapiga mwayo.

Unajua watu wetu. Mtoto asipolia kwenye maji, shetani hajatoka. Watu wakasubiri. Wakanyoosha shingo. Yule mtoto alikuwa amekaa mikononi mwa Kasisi anachuruzika maji na kumtazama babu yake kwa mara ya kwanza, na babu yake akimtazama. Kisha baba akalia. Hakulia kwa adabu. Ile ndiyo sauti uliyoisikia. Alilia kwa kwikwi, amesimama na fimbo yake ya uzee wa kanisa, kama mtu aliyekuwa akingoja nafasi.

Ndipo Bibi Pettit, ambaye hasikii na hivyo husema kwa sauti ya mnadani, akamwambia jirani yake:

"Mradi kuna aliyelia. Shetani katoka kwa babu, na kwa ukubwa ule alikaa siku nyingi."

Hicho ndicho walichocheka. Mpaka Willis, na safari hii hakujaribu kukigeuza kiwe kikohozi, na baba mwenyewe alicheka huku machozi yanamtiririka. Mimi peke yangu sikucheka, shangazi. Baba alikuwa amenishika mkono. Alikuwa ametoka kuyapima maji kwa mara ya mwisho na mkono wake ulikuwa bado umelowa, na hakuuachia mkono wangu mpaka wewe ulipomaliza kupiga kinanda.

Mwanao,
Thirza